Pikipiki za umeme: Kwa nini swali la Magongo ni ‘betri ni ya nani?’

RAIS William Ruto alipozindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa mnamo Septemba 1, 2023, aliandamanisha uzinduzi huo na ahadi nzito: kwamba kufikia mwisho wa mwaka wa 2024 nchi ingekuwa na zaidi ya pikipiki 200,000 za aina hiyo barabarani. Mwaka huo ulipita na lengo halikufikiwa.

Ni rahisi kudhani kuwa wahudumu wa bodaboda ndio waliochelewesha mambo kwa kukataa mageuzi. Ukweli si huo. Wahudumu wanaiangalia pikipiki hii kwa hamu. Wanapenda wepesi wake na jinsi inavyoondoka kwa nguvu bila gia wala klachi. Lakini baada ya kuisifu, huuliza maswali ambayo hayajibiwi na rangi wala umbo lake. Kubwa miongoni mwa hayo ni hili: pikipiki ni yangu, je, betri ni ya nani?

Makala haya yanaeleza kwa nini swali hilo lina uzito, hasa kwa watu wa maeneo kama Magongo, upande wa Changamwe.

MTAA ULIOLELEWA NA MAFUTA

Magongo haikujipata karibu na biashara ya petroli kwa bahati. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi mwaka wa 1963. Bomba la kupeleka mafuta Nairobi lilianza kutumika mwaka wa 1978. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka wa 2013, lakini matangi yangali yanatumika, na gati jipya la mafuta la Kipevu lilifunguliwa mwaka wa 2022. Karibu kila lita ya petroli inayochomwa na bodaboda wa Kenya, awe Busia au Garissa, hupitia pembe hii ya Mombasa.

Barabara ya Magongo nayo huunganisha barabara kuu ya Nairobi na Port Reitz pamoja na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Malori ya makontena na ya mafuta hupita hapo usiku na mchana. Kati ya malori hayo, bodaboda hujipenyeza akibeba mfanyakazi wa bandari anayechelewa zamu, mama anayetoka sokoni, au msafiri aliyeachwa na matatu. Safari nyingi ni fupi, lakini ni nyingi. Jioni, mita ya pikipiki huweza kuonyesha zaidi ya kilomita 100.

Kwa hivyo, pikipiki ya umeme inapoletwa hapa, inaletwa mlangoni pa mafuta yenyewe, kwa watu wanaojua thamani ya lita moja.

WAPENZI WA PIKIPIKI HUULIZA NINI?

Kote duniani, pikipiki mpya inapofunuliwa, watu hugawanyika makundi mawili. Kuna wanaoitazama na kuna wanaopiga hesabu.

Mfano mzuri ni Honda NT1100, iliyozinduliwa barani Ulaya mnamo Oktoba 2021. Hiyo ni pikipiki ya safari ndefu, yenye injini ya cc 1,084 iliyotolewa kwa ndugu yake, Africa Twin, na tangi la lita 20.4. Pikipiki ya namna hii hununuliwa na mtu anayetaka kasi na pia kiti cha kumstarehesha siku nzima. Mbali na kujadili sura yake, wapenzi wa aina hii ya pikipiki huuliza mambo ya kazi: tangi likijaa inafika wapi? Ina cheni inayotaka kupakwa mafuta kila mara, au mtaimbo usiohitaji kuguswa? Abiria wa nyuma atachoka baada ya saa ngapi?

Maswali hayo, ukiyaondolea starehe, ndiyo ya mhudumu wa Magongo. Tofauti ni kwamba mpenzi wa pikipiki wa Ulaya akikosea hununua nyingine, au huipanda Jumapili tu. Mhudumu wa bodaboda akikosea hukosa karo ya mtoto, na pengine hubaki na mkopo wa chombo kilichoegeshwa.

KUTOKA BAISKELI HADI BETRI

Bodaboda si kazi ngeni kwa mabadiliko. Ilianza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda, Busia, katika miaka ya 1960, na jina lake likatokana na huo mpaka. Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zenye injini isiyofika cc 250. Bei zikashuka, pikipiki kutoka India na China zikamiminika, na baiskeli ikasukumwa kando.

Hakuna aliyewashurutisha vijana kuacha baiskeli. Waliiacha kwa sababu pikipiki iliwapa kipato zaidi, vipuri vilipatikana kila duka, na fundi wa jua kali aliweza kuifungua chini ya mwembe na kuifunga tena kabla ya adhuhuri. Hayo matatu, yaani kipato, vipuri na fundi, ndiyo mizani ambayo pikipiki ya umeme inapimwa nayo leo.

Serikali imejaribu kutumia tena njia ya ushuru. Sheria ya Fedha ya mwaka wa 2023 iliiondolea pikipiki ya umeme ushuru wa bidhaa, na kuiweka katika orodha ya bidhaa zinazotozwa VAT ya asilimia sufuri. Mwaka huo huo, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilianzisha bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri: Sh16 kwa kila yuniti, na Sh8 nyakati ambazo matumizi ya umeme nchini huwa ya chini, kabla ya kodi na tozo nyinginezo.

HESABU YA SIKU MOJA

Tuchukue mfano wa mhudumu anayesafiri kilomita 120 kwa siku. Pikipiki yake ya petroli ikienda kilomita 40 kwa lita, atahitaji lita tatu. Petroli ikiwa Sh200 kwa lita, hiyo ni Sh600. Bei hiyo si ya kubuni tu: katika mwezi uo huo wa uzinduzi, Septemba 2023, petroli ilifika Sh211.64 jijini Nairobi, na Mombasa ilikuwa chini ya hapo kwa shilingi chache.

Pikipiki ya umeme ya kiwango sawa hutumia takriban yuniti tano kwa kilomita 100. Kwa kilomita 120 itahitaji yuniti sita, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea wakati wa kuchaji, tuseme saba. Akichaji nyumbani kwa Sh30 kwa yuniti, gharama ni Sh210. Ameokoa Sh390 kwa siku. Kwa mwezi wa siku 26 za kazi, hizo ni Sh10,140.

Tofauti hii inatokana na jinsi mitambo miwili inavyofanya kazi. Injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya nguvu za mafuta kwa njia ya joto. Ndiyo maana ekzosi huunguza mguu wa abiria asiye makini. Robo tu, au chini ya hapo, ndiyo husukuma gurudumu. Mota ya umeme hutumia zaidi ya asilimia 80 ya nguvu inayopewa. Haina oili ya kubadilishwa, plagi, wala kabureta.

Aidha, sehemu kubwa ya umeme wa Kenya, takriban asilimia 90, hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mtu anayeendesha pikipiki ya umeme hapa hahamishi moshi kutoka barabarani kuupeleka kwenye bomba la kiwanda cha umeme.

TATIZO LA UMBALI

Hata hivyo, hesabu hiyo ina shimo. Betri moja haimalizi siku. Roam Air, pikipiki inayoundwa Nairobi, ina betri ya kilowati-saa 3.24 ambayo kwa mujibu wa kampuni huenda kilomita 70 hivi. Ukibeba abiria wawili na kupanda mlima, umbali hupungua. Kuichaji upya kwenye soketi ya nyumbani huchukua saa kadhaa, na mhudumu aliyeketi akisubiri betri hana tofauti na aliyelala.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kununua pikipiki pamoja na betri mbili, lakini betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote, na bei ya chombo hupanda mno. Ya pili ni kubadilishana: mhudumu hufika kituoni, hutoa betri iliyokwisha, huchukua iliyojaa, na kuondoka baada ya dakika chache. Ampersand ilianza kwa mtindo huo Kigali mwaka wa 2019 kabla ya kuingia Kenya. Spiro, iliyotangulia kufanya kazi Benin na Togo, imefuata njia hiyo hiyo.

Katika mtindo huu mhudumu hununua pikipiki bila betri, hivyo bei yake huwa nafuu. Betri hubaki mali ya kampuni. Hapo ndipo swali la Magongo linapozaliwa.

KISIMA CHA JIRANI

Turudi kwenye hesabu yetu. Mhudumu yule akibadilisha betri mara mbili kwa siku, na kampuni ikimtoza Sh200 kila mara, atalipa Sh400. Akiba yake imeshuka kutoka Sh390 hadi Sh200. Kampuni ikipandisha bei hiyo hadi Sh300, akiba yote imetoweka, na amebaki sawa na mwenzake wa petroli.

Mwenye pikipiki ya petroli akiona kituo kimoja kinauza ghali, huvuka barabara. Akiishiwa mafuta njiani Jomvu, atanunua ya chupa na kuendelea. Zaidi ya hayo, tangu Desemba 2010 bei ya juu kabisa ya petroli huwekwa na mdhibiti na kutangazwa kila mwezi. Hakuna kituo kinachoruhusiwa kuipita.

Bei ya kubadilisha betri haimo katika tangazo hilo la kila mwezi. Na betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye pikipiki ya kampuni nyingine, kwa kuwa ukubwa, plagi na programu zake hutofautiana. Betri hizi pia huwa na kifaa cha mawasiliano kinachoiwezesha kampuni kujua ilipo na, ikitaka, kuizima kutoka mbali. Jambo hilo huzuia wizi, nalo ni jema. Lakini huipa kampuni uwezo ambao hakuna muuza petroli amewahi kuwa nao juu ya mteja wake.

Anayenunua chombo cha namna hii amenunua ndoo, na kisima kimebaki cha jirani. Kampuni ikifilisika, au ikiona eneo fulani halina faida na kuhamisha vituo vyake, pikipiki hubaki mzoga. Nayo haitakuwa na mnunuzi. Ilhali pikipiki ya petroli ya miaka mitatu huuzwa siku moja, na wengi huitegemea kama akiba ya dharura: mgonjwa akilazwa, pikipiki huuzwa.

FUNDI, JOTO NA KIMYA

Yapo masuala mengine. Fundi wa mtaani anayejua kufungua injini kwa kuisikiliza tu hawezi kufungua kidhibiti cha mota bila mafunzo na vifaa. Pasipo mafunzo hayo, mageuzi yatamnyima riziki, na mhudumu atalazimika kupeleka kila hitilafu kwa kampuni ile ile yenye betri.

Joto na chumvi ya Pwani navyo si vya kupuuzwa. Betri za lithiamu huchakaa upesi zaidi zikikaa kwenye joto kali, na viungo vya nyaya hupata kutu penye hewa ya bahari. Kuhusu kimya chake, abiria hukipenda, bali katika barabara ya malori mtembea kwa miguu amezoea kusikia pikipiki kabla ya kuiona. Mwendeshaji atalazimika kutumia honi na taa kwa uangalifu zaidi.

KIPI KIFANYIKE?

Rwanda imechagua njia ya sheria: tangu Januari 2025, pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi kwa biashara ya kubeba abiria jijini Kigali. Kenya haikufuata mkondo huo. Ilitoa rasimu ya sera ya usafiri wa umeme mnamo Machi 2024, na awali, mwaka wa 2023, EPRA ilitoa miongozo ya vituo vya kuchajia na kubadilishia betri.

Linalohitajika zaidi ni viwango vitakavyofanya betri ya kampuni moja itumike katika pikipiki ya nyingine, au angalau vitakavyompa mnunuzi haki ya kuchaji nyumbani na mahali popote apendapo. Ushindani ukiwepo kwenye betri, bei itajirekebisha yenyewe. Usipokuwepo, mdhibiti anapaswa kuitazama bei ya kubadilisha betri kama anavyoitazama ya petroli.

Kwa sasa, anayefikiria kununua asome mkataba kabla ya kutia sahihi, na aulize mambo matano: betri ni ya nani, bei ya kuibadilisha inaweza kupandishwa na nani, na kwa ilani ya muda gani, naweza kuchaji kwangu, ni vituo vingapi vilivyo kwenye njia zangu, si kwenye ramani ya nchi, na nikitaka kuuza, ninaruhusiwa kumuuzia nani.

Akipata majibu ya kuridhisha kwa maandishi, hesabu inaonyesha kuwa pikipiki ya umeme inaweza kumwachia mfukoni maelfu ya shilingi kila mwezi. Asipoyapata, basi kuendelea na petroli si ushamba. Ni busara ya mtu ambaye chombo chake ndicho shamba lake.