Garissa: Mji wa jangwani unaoishi kwa Mto Tana

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA wa Chapwa, Tunduma, amezoea kusubiri mvua za Novemba ndipo ashike jembe. Huko Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, anayesubiri mvua hana chakula. Mji huo hupata takriban milimita 300 tu kwa mwaka. Hata hivyo, sokoni kuna ndizi, maembe na matikiti maji ya hapohapo.

Siri ni Mto Tana, mrefu kuliko yote nchini Kenya. Ukitoka Nairobi, safari ya kilometa zipatazo 370, unapita Madogo, unavuka daraja na kuingia mjini. Ukiwa darajani unaona ukanda mwembamba wa kijani kando ya maji, na nyuma yake mchanga na miiba.

Katika ukanda huo wakulima huvuta maji kwa pampu na kuyaelekeza mashambani kwa mifereji. Mafuta ya pampu ni gharama, hivyo hulimwa kinachouzika.

Wengine wanafuga. Mnada wa mifugo wa Garissa ni miongoni mwa minada mikubwa Afrika Mashariki. Ng'ombe, mbuzi na ngamia, wengine kutoka Somalia, hununuliwa hapo na kupelekwa Nairobi na Mombasa. Maziwa ya ngamia nayo huwaingizia akina mama fedha.

Lakini mto huohuo hutia hasara. Mvua ikizidi milimani, mabwawa ya umeme kama Masinga hufurika, na maji huifikia Garissa hata kama hapo hakuna wingu. Ndivyo ilivyokuwa 2018, 2023 na 2024: mashamba yalizama. Aprili 2024 boti iliyokuwa ikivusha watu kati ya Madogo na Garissa ilizama na watu wakapoteza maisha.

Mkulima wa Songwe ajifunze nini? Kwanza, anayemwagilia kiangazi huuza nyanya na mboga wakati wengine hawana, na Tunduma, mpakani na Zambia, haikosi wanunuzi. Pili, piga hesabu ya mafuta kabla ya kununua mbegu, na uanze na eneo dogo. Tatu, omba kibali cha kutumia maji kwenye ofisi ya bonde lako. Nne, usilime hadi ukingoni: sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka mtoni. Pampu nayo iwekwe mahali inapoweza kuondolewa haraka. Wa Garissa aliyechelewa kuiondoa alipoteza mazao na mtaji kwa usiku mmoja.