Waya wa intaneti unaweza kusikiliza udongo chini ya nyumba zetu

Wakaaji wengi wa Goma na Bukavu wanajua fibri optiki kama waya wa kuleta intaneti. Kumbe waya huo unaweza kufanya kazi ya pili: kusikia namna udongo unavyotikisika, na kuonyesha kama chini ya mtaa kuna udongo laini ao jiwe gumu.

Inafanyika namna gani?

Ndani ya fibri mna uzi wa kioo, mwembamba kama unywele. Kwenye mwisho mmoja, wataalamu wanafunga mashini inayotuma mwanga wa leza, mara nyingi sana kila sekunde. Kioo hakikosi kasoro ndogondogo, na kila kasoro inarudisha mwanga kidogo. Udongo ukitikisika, waya unavutika, na mwanga unaorudi unabadilika. Kwa kuhesabu muda wa mwanga kurudi, mashini inajua ni fasi gani imetikisika. Njo vile waya mmoja unafanya kazi ya maelfu ya vyombo vya kupima matetemeko, kimoja kila mita chache.

Hata kungojea tetemeko si lazima. Kelele za magari na treni zinatosha. Mitikisiko yake inaenda polepole kwenye udongo laini, inakimbia kwenye jiwe. Wataalamu wakipima mbio hizo, wanapata picha ya mita makumi za kwanza chini ya barabara.

Kwingine wamejaribu

Huko Marekani, karibu na mji wa Sacramento, watafiti walitumia kilometa 23 za fibri iliyokuwa imezikwa bila kutumiwa. Matokeo waliyotangaza mwaka wa 2019 yalionyesha hali ya udongo wa juu na kina cha maji ya chini. Waya uleule ulisikia pia matetemeko ya mbali.

Huko Islandi, waya wa karibu kilometa 100 ulisaidia kugundua magma ikipanda karibu na mji wa Grindavik, kabla lava haijatoka.

Na kwetu?

Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilibomoa nyumba Bukavu na ngʼambo, Rwanda. Tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka bila wakaaji kupewa tahadhari. Watu zaidi ya 30 walikufa, na matetemeko yakafuata kwa siku nyingi. Nyumba mbili zilizojengwa sawasawa zinaweza kuumia tofauti, sababu udongo laini unaongeza mtikisiko. Kujua udongo wa kila mtaa kunasaidia kuchagua fasi ya kujenga shule ao hospitali.

Lakini fibri haitabiri siku ya tetemeko. Mashini yake ni ya bei kali, inahitaji umeme usiokatika, na kompyuta kubwa za kuweka habari zote. Waya unaoningʼinia kwenye nguzo haufai sana, sababu upepo unautikisa. Ule uliozikwa ndio unasikia vizuri.

Je, unasikiliza simu za watu? Hapana. Mashini inatumia uzi wake, haisomi ujumbe. Ila inaweza kutambua gari ao hatua za mtu anayepita karibu, kwa hiyo sheria ya kulinda habari hizo inahitajika.

Waya mmoja huwa na nyuzi nyingi. Kampuni inapoomba ruhusa ya kuchimba barabara, njo wakati mzuri kwa viongozi kuomba uzi mmoja uachiwe wataalamu wa volkano na matetemeko.