Siri ya Askari John

Utamu wa riwaya ya mapenzi ya kijeshi hutegemea nani anaijua siri. Chukua Dear John ya Mmarekani Nicholas Sparks, iliyotoka mwaka 2006. Askari John anampenda Savannah akiwa likizoni North Carolina, na kuahidi kurudi kwake. Baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001, anaongeza muda wa utumishi. Barua zinapungua, hadi inafika ile ya kumwacha. Tangu Vita Kuu ya Pili Wamarekani huita barua ya namna hiyo "Dear John", hivyo jina la kitabu limekwisha kututonya.

Wengi hulia hapo. Mimi naona utamu uko mbele. Savannah ameolewa na Tim, mgonjwa wa saratani. John anauza sarafu za kale alizokusanya marehemu baba yake, na kwa siri fedha zinakwenda kumtibu mume huyo. Sisi tunajua, Savannah hajaambiwa.

Sparks hupenda mno kutuliza, hilo kweli. Lakini katika filamu ya mwaka 2010 Tim anakufa, njia ikawa nyeupe. Kitabuni Tim anapata nafuu, na John anabaki peke yake.