Baada ya Lango la Gereza, Sehemu ya Tatu: Vyeti Viwili

Siku ya kutoka gerezani nchini Kenya huanza kuhesabiwa tangu siku ya kuingia. Sheria ya Magereza humpa mfungwa mwenye bidii na nidhamu msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake, isipokuwa waliofungwa maisha na wa makosa machache mazito. Aliyehukumiwa miaka 9 hutoka baada ya 6. Huvua sare ya mistari na kurudishiwa vitu alivyoingia navyo. Ujira wa kazi ya gerezani haufiki shilingi moja kwa siku. Akiba ya miaka hiyo yote haimnunulii hata cherehani aliyojifunzia kushona.

Ufundi wenyewe, hata hivyo, ni wa kweli. Katika magereza kama Kamiti na Naivasha wafungwa hufunzwa useremala, ushonaji na uchomeleaji. Namba za magari zinazobandikwa nchini kote zimetengenezwa kwa mikono yao Kamiti. Wengine hukalia mitihani ya kitaifa humo humo. Anayefaulu mtihani wa ufundi hupata cheti cha kumtambulisha kuwa fundi. Hicho ni cheti cha kwanza.

Cha pili ni cheti cha tabia njema, kinachotolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai baada ya alama za vidole kulinganishwa na kumbukumbu za polisi. Waajiri wengi hukidai, na anayetaka beji ya kuendesha matatu hawezi kukikwepa. Hapo ndipo mkono mmoja wa serikali unapobomoa kilichojengwa na mwingine: serikali iliyomfunza mtu kazi ndiyo inayomwandikia karatasi ya kumfungia mlango wa kazi. Wengi huishia jua kali au mjengo, ambako fundi huulizwa anachoweza kufanya, si alikotoka.

Nyumbani hakuna karatasi, lakini kuna majina. Huenda mke ameolewa kwingine, shamba limegawanywa, na mtoto aliyeachwa akitambaa sasa anamwita baba mtu mwingine. Kijijini aliyetoka huitwa “yule wa jela” hata na wasiojua kosa lake. Afisa wa probesheni, akisaidiana na chifu na wazee, huweza kumtangulia, akazungumza na jamaa na hasa na aliyekosewa. Ziara hiyo ina uzito kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa aliyerudi kimyakimya hushukiwa kila kuku anapopotea.

Suala la jina limeshughulikiwa kwa njia mbalimbali. Zanzibar magereza huitwa Vyuo vya Mafunzo, na wafungwa wake wanafunzi. Uingereza ilitunga mwaka 1974 sheria iliyoruhusu hukumu za vifungo vifupi zihesabiwe kuwa zimepitwa na wakati, mradi mhusika asirudie kosa kwa muda uliowekwa. Baada ya hapo, kwa kazi nyingi, halazimiki kuitaja. Kenya nayo, katika Sheria ya Watoto ya 2001, ilikataza neno la kutiwa hatiani kutumiwa kwa mtoto aliyefikishwa mahakamani. Kwa mtu mzima neno hilo hubaki kwenye faili, na kila anapoomba cheti cha tabia njema vidole vyake hulifufua.