Ukikamatwa kwa ulevi barabarani, usikimbilie kusema "ni kweli Mheshimiwa"

Leo tuzungumze jambo ambalo hapa Unguja tunalifanya kama halipo. Watu wanakunywa, na si watalii peke yao. Mtu anatoka Nungwi au Kendwa usiku wa manane, mpaka mjini ni zaidi ya kilomita 50, njia ina giza, baskeli hazina taa, na yeye kichwani anazo chupa tano. Akisimamishwa na trafiki, kesi ya barabarani inageuka kesi ya aibu. Mama asijue, sheha asijue, msikitini wasijue! Aibu hiyo ndiyo inayowaponza watu: ama wanatoa kitu kidogo palepale, ama wanakiri kila kitu mahakamani ili mambo yaishe kabla mtaa haujaamka.

Naomba nieleweke. Mlevi kwenye usukani anaua, na mie simtetei. Lakini hata mwenye kosa ana haki ya kujua anashitakiwa kwa lipi, na asiye na kosa ana haki zaidi. Mie si wakili, ni mfuatiliaji tu wa mambo ya mahakama, kwa hiyo haya yawe mwanzo na siyo mwisho.

1. SHERIA YA WAPI?

Hapa wengi wanachanganyikiwa. Jeshi la Polisi ni la Muungano, lakini sheria ya barabarani ya Zanzibar ni ya Zanzibar. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Usafiri wa Barabarani Nambari 7 ya 2003, wakati Bara wana yao ya 1973. Mashtaka yapo chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka wa Zanzibar, na mahakama ni zetu, kuanzia za chini mpaka Mahakama Kuu. Mahakama ya Rufaa ya Tanzania ndiyo inayotuunganisha huko juu. Kwa hiyo ushauri wa binamu yako wa Kinondoni, au ulioukuta kwenye mtandao, unaweza usikufae. Hata wakili wa Dar hawezi kupanda boti na kusimama tu mbele ya hakimu wa hapa, lazima awe na ruhusa ya kufanya kazi Zanzibar.

2. KUNA SHITAKA LA AINA MBILI

Nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza zinatenganisha mambo mawili. La kwanza ni kuendesha ukiwa umelewa kiasi cha kushindwa kuidhibiti gari. Hili huthibitishwa kwa mashahidi: uliyumba vipi, ulisimamaje, daktari aliona nini. La pili ni kuwa na kilevi mwilini kupita kipimo kilichowekwa, hata kama unatembea wima. Bara kipimo hicho ni miligramu 80 kwa kila mililita 100 za damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisizidi 50, na kwa vijana na madereva wapya 20.

Tofauti hii si maneno matupu. Kenya walikuwa na kifaa cha kupuliza, maarufu kama Alcoblow, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya huko ilizikataa kanuni zake kwa sababu hazikuendana na sheria mama. Wenye kunywa hawakuruhusiwa kuendesha, la hasha! Serikali iliambiwa ishitaki kwa mujibu wa sheria ilivyoandikwa. Basi na wewe uliza: nimeshitakiwa kwa kifungu gani, cha sheria gani? Hati ya mashtaka lazima iseme. "Alikuwa ananuka pombe" ni ushahidi, lakini peke yake hausemi ulikuwa na kiasi gani.

3. PALEPALE BARABARANI

Simama, zima gari, toa leseni, sema jina lako. Usibishane, na usikimbie. Ukitakiwa kupuliza au kutolewa damu, usikatae kwa ubishi, kwani kukataa bila sababu ya maana kunaweza kukuletea shitaka jengine. Lakini kumbuka saa. Mwili wa kawaida huondoa takriban miligramu 15 kwa saa, na kahawa au maji baridi havibadilishi kitu. Aliyekuwa na 120 saa tisa za usiku atakuwa na kama 75 saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo saa uliyosimamishwa na saa uliyopimwa zote ziandikwe. Hesabu hiyo hiyo inamgusa dereva anayelala saa tatu halafu anawahi abiria wa boti ya asubuhi: usingizi haukuondolei ulevi wote.

Na kitu kidogo? Achana nacho. Kutoa rushwa ni kosa kama kupokea. Uliyekuwa na kesi moja sasa unazo mbili, na ya pili ni nzito zaidi.

4. KITUONI

Kwa kawaida polisi wana saa 24 za kukufikisha mahakamani au kukuachia kwa dhamana. Omba kumjulisha mtu wa nyumbani, na omba wakili. Una haki ya kunyamaza, na usisaini maelezo ambayo hujayasoma au kusomewa. Ukiumia, omba fomu ya polisi ya matibabu, PF3, upelekwe hospitali.

Dhamana haiuzwi jamani! Mdhamini anaweka ahadi kuwa utarudi. Mara nyingi anatakiwa aje na kitambulisho na barua ya sheha. Hapo ndipo watu wanapoona haya, wanaona bora mtoto alale ndani kuliko sheha ajue. Sheha atajua tu. Nendeni.

5. MAHAKAMANI

Siku moja nimekaa mahakamani kusikiliza kesi nyengine, nikamuona kijana dereva wa daladala. Shitaka halijamaliza kusomwa, keshasema "ni kweli Mheshimiwa, nisameheni". Alidhani ukikiri unaonywa na kwenda zako. Alitoka na faini na leseni imezuiliwa, na leseni ile ndiyo iliyokuwa ikilisha watu sita.

Utaratibu ni huu. Shitaka linasomwa kwa lugha unayoifahamu, unajibu. Ukikubali, upande wa mashtaka unasoma maelezo ya tukio, nawe unaulizwa kama ni ya kweli. Msingi huo uliwekwa wazi na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri: kukiri lazima kuwe kamili, bila utata. Kama unakubali kuwa ulikunywa lakini hukubali kuwa ulishindwa kuidhibiti gari, sema hivyo hivyo. Ukishakiri moja kwa moja, kwa kawaida kinachobaki kwenye rufaa ni ukubwa wa adhabu tu.

Kama kosa ni kweli na ushahidi upo, kukiri kwa kujua ni jambo jema, na hakimu hulizingatia. Hapo eleza hali yako: kosa la kwanza, familia, kazi. Lakini kama kuna aliyeumia au kufa, usiseme neno bila wakili. Na angalia bima yako, kwani mikataba mingi inakataa kumlipa dereva aliyelewa.

6. SINA PESA YA WAKILI

Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2018, na wapo wasaidizi wa sheria mpaka mashamba. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992. Nendeni mapema, msisubiri siku ya hukumu.

Na kwa mnaokunywa, funguo mpeni asiyekunywa. Teksi ya Nungwi mpaka mjini ni ghali, najua, lakini ni rahisi kuliko yote niliyoyataja hapo juu.

Wenye uzoefu wa kesi hizi, mawakili na madereva, karibuni mchangie.