Filta ya Pikipiki: Ya Kuoshwa au ya Karatasi?



Siku hizi pikipiki si anasa tena katika mashamba na viwanda vyetu. Msimamizi wa kikosi huitumia kuzunguka miwa, karani wa mizani huendea nayo vituo vya kupokelea majani ya chai, na fundi wa zamu ya usiku hurudi nayo nyumbani alfajiri. Wapo pia ndugu wengi ambao kazi ya mchana ikiisha huingia barabarani kubeba abiria, ili kuongeza kidogo juu ya mshahara. Baadhi yao wamenunua pikipiki kwa mkopo wa chama cha akiba, na deni hilo hulipwa kila mwezi, pikipiki itembee isitembee.

Kwa hiyo injini ikifa mapema, anayeumia ni mfanyakazi na watoto wake. Kati ya mambo yanayoua injini mapema katika nchi yetu, vumbi liko mbele. Tumeulizwa mara nyingi: je, ni bora kununua filta ya hewa ya kuoshwa na kutumika tena, au ile ya karatasi inayotupwa ikichakaa? Swali ni la maana, nasi tutalijibu hatua kwa hatua.

INJINI INAKULA HEWA KULIKO PETROLI

Wengi wetu hufikiri kwamba chakula cha injini ni petroli. Ukweli ni kwamba hewa ndiyo inayoingia kwa wingi zaidi. Ili kilo moja ya petroli iungue vizuri, inahitaji karibu kilo 15 za hewa. Ukipima kwa lita, lita moja ya petroli huhitaji kama lita 9,000 za hewa, yaani mapipa 45 ya lita 200. Ukimaliza lita 10 za petroli, injini yako imevuta mapipa 450 ya hewa kutoka pale pale barabarani unapopita.

Sasa fikiri ni hewa gani hiyo. Katika miezi ya Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti, barabara za murramu katika sehemu nyingi za Uganda hukauka. Lori la miwa likipita Busoga, aliye nyuma yake haoni mbele. Kwenye viwanda vya chai kuna manyoya mepesi ya majani makavu yanayoruka. Karibu na kiwanda cha saruji, kama kule Tororo, unga huwa mwembamba kuliko unga wa ngano. Yote haya hutaka kuingia pamoja na hewa.

Vumbi la barabarani lina chembe nyingi za mchanga mgumu wa aina ya kwatzi. Jiwe la kwatzi hukwaruza kioo, na hukwaruza chuma cha kisu pia. Chembe hizo zikipenya hadi ndani, hukaa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, zikachanganyika na oili, na kufanya kazi ya msasa. Zinazodhuru zaidi ni ndogo sana, kama mikroni 5 hadi 20, wakati unywele wa mtu una unene wa kama mikroni 70. Macho hayazioni zikiingia. Utaona matokeo yake tu: moshi wa buluu, oili inayopungua, na injini isiyo na nguvu mlimani.

FILTA YA KARATASI

Filta ya karatasi imekunjwakunjwa ili eneo kubwa liingie katika kisanduku kidogo. Nyuzi zake zimebanana, na karatasi nzuri isiyochakaa huzuia karibu vumbi lote. Tena ina tabia moja ya ajabu: kadiri vumbi linavyojaa juu yake, ndivyo inavyozidi kuzuia chembe ndogo. Ubaya ni kwamba wakati huo huo hewa nayo huanza kupita kwa shida. Kwenye pikipiki yenye kabureta, petroli huzidi hewa, plagi hugeuka nyeusi, moshi mweusi hutoka na tangi huisha upesi.

Sifa yake kubwa ni kwamba haihitaji ufundi. Unaitoa ya zamani, unaweka mpya, unafunga. Adui zake ni maji na mikono yetu wenyewe. Karatasi ikilowa hulegea. Ikioshwa kwa petroli au sabuni huharibika, hata kama ikikauka inaonekana safi. Ikipigwa upepo wa nguvu wa kompresa hupata vitundu ambavyo huvioni, na kupitia hivyo vumbi huingia moja kwa moja.

Kuna aina nyingine ya karatasi iliyotiwa mafuta ya kunata kiwandani, na Honda huiweka katika pikipiki zake kadhaa. Ukiishika unahisi utelezi kidogo. Hiyo haipigwi upepo wala haioshwi kabisa. Kazi yake ikiisha hutupwa.

FILTA YA KUOSHWA

Hapa tunazungumzia hasa sponji. Pikipiki nyingi zilizozoeleka mashambani, kama Yamaha DT 125 na Honda CG 125, zilitoka kiwandani na filta ya sponji. Watengenezaji walijua kwamba pikipiki hizo zitapita njia mbaya, na kwamba duka la vipuri huenda likawa mbali.

Jambo la kushika kichwani ni hili: sponji peke yake haichuji vizuri. Kinachokamata vumbi ni oili iliyomo ndani ya sponji. Matundu ya sponji ni makubwa kuliko chembe za vumbi, lakini hewa inapopinda huku na huku ndani yake, chembe hugonga kuta zenye oili na kunata. Sponji kavu ni kama wavu wa sangara uliowekewa dagaa. Anayeiosha, akaikausha na kuirudisha bila oili ameiacha injini wazi.

Kuna pia filta za pamba zilizoshikwa kwa wavu wa waya na kutiwa mafuta maalumu. Kampuni ya K&N ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969, ndiyo iliyozifanya zijulikane sana. Hizi hupitisha hewa kwa urahisi na huoshwa mara nyingi, lakini bei yake ni kubwa, zinahitaji dawa yake ya kuosha na mafuta yake, na kwa vumbi jembamba karatasi nzuri huzuia zaidi. Kwa mfanyakazi wa shamba hatuoni sababu ya kuzikimbilia.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kufundishia tu. Wewe weka bei za duka la kwenu.

Tuseme filta ya karatasi ni shilingi 15,000, na kwa vumbi la njia yako hudumu miezi 3. Kwa mwaka utanunua 4, yaani shilingi 60,000. Tuseme sponji ni shilingi 25,000 na hudumu miaka 2. Hiyo ni shilingi 12,500 kwa mwaka. Unaiosha kila baada ya wiki 2, na kila mara mafuta ya taa, sabuni na oili hugharimu shilingi 1,000. Kwa mwaka ni shilingi 26,000. Jumla ni shilingi 38,500. Sponji imekuokolea shilingi 21,500.

Lakini hesabu haijaisha. Tuseme kuchonga silinda na kubadili pistoni na ringi ni shilingi 300,000. Ukizembea kuosha au kutia oili, na injini ikaharibika mara moja tu, umepoteza akiba ya miaka kama 14. Vivyo hivyo, aliyenunua ya karatasi kisha akaipigisha upepo mwaka mzima ili asinunue nyingine, ameokoa shilingi 45,000 na kuhatarisha shilingi 300,000.

Hivyo swali la kwanza si bei ya filta. Swali ni nani ataitunza. Kama unayo nafasi ya kukaa nusu saa kila wiki mbili na unapenda kazi hiyo, na pikipiki yako imetengenezwa kwa sponji, basi sponji ni rafiki yako. Kama pikipiki huendeshwa na watu watatu kwa zamu, na kila mmoja hufikiri mwenzake ameosha, tumia karatasi na andika tarehe ya kuibadili. Kama unapita njia ya maji mengi wakati wa masika, sponji huvumilia zaidi. Kama duka la vipuri liko mbali nawe, usimalize ya akiba bila kununua nyingine.

Usilazimishe aina moja kukaa katika kisanduku cha nyingine. Ukingo usipobana sawasawa, vumbi hupita pembeni, na filta nzuri huwa kazi bure. Vile vile usikate sponji ya godoro. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Matundu yake si sawa, na petroli na oili huilegeza hadi ikameguka, na vipande vikavutwa ndani ya kabureta.

NAMNA YA KUOSHA SPONJI

1. Zima injini, iache ipoe. Futa vumbi nje ya kisanduku kabla ya kufungua.

2. Toa sponji polepole na uzibe mdomo wa bomba la hewa kwa kitambaa safi.

3. Ioshe kwa mafuta ya taa, au kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni. Usitumie petroli. Mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na petroli huharibu gundi ya sponji.

4. Ikamue kwa kuibana kati ya viganja. Usiisokote kama nguo, itapasuka.

5. Ianike kivulini mpaka ikauke kabisa.

6. Itie oili safi. Vitabu vya Honda CG 125 huelekeza oili ya gia ya SAE 80 hadi 90. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Ibanebane mpaka rangi iwe sawa kote, kisha kamua iliyozidi. Oili ikidondoka ni nyingi mno.

7. Paka grisi kidogo kwenye ukingo, irudishe na ufunge vizuri.

Uchafu uliobaki usimwage kwenye kijito tunakochota maji.

Vitabu vya watengenezaji hutaja maelfu ya kilomita kati ya huduma moja na nyingine, lakini husema pia kwamba penye vumbi au mvua nyingi muda huo ufupishwe. Wakati wa kiangazi, mpanda pikipiki wa shambani afungue kisanduku kila wiki atazame. Kuna kipimo kimoja rahisi: pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa nyuma ya filta, kuelekea kabureta. Kikitoka na vumbi, filta imetoboka au haijakaa sawa. Hapo usiwashe injini mpaka umeona kasoro.

Wako vijana wanaotoa filta kabisa wakisema pikipiki inapumua na inakwenda kasi. Hewa ikizidi petroli injini hupata joto kali, na vumbi lote linaingia. Kasi hiyo ni ya muda mfupi, na malipo yake ni makubwa.

PIKIPIKI YA MWAJIRI

Mfanyakazi anayeendesha pikipiki ya kazini naye ana jambo lake la kujua. Injini ikiharibika, mara nyingi lawama humwangukia yeye, na pengine husikia kwamba atakatwa mshahara. Hapo filta ndogo inageuka kuwa suala la chama.

Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema kwamba makato ya mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kiwango kilichowekwa na sheria za nchi, mkataba wa pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na kwamba mfanyakazi ajulishwe masharti hayo. Uganda nayo ina vifungu kuhusu makato katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2006. Mtu asikubali kutia sahihi karatasi ya makato kabla ya kuionyesha kwa mwakilishi wa tawi.

Lakini haki hutetewa vizuri zaidi penye ushahidi. Kila pikipiki ya kazini iwe na daftari. Andika tarehe, kilomita, filta imeoshwa au imebadilishwa, na jina la aliyefanya. Ukiomba filta na stoo ikasema hakuna, andika hivyo pia, na umwombe msimamizi atie sahihi. Siku ya maneno, daftari hilo litaonyesha nani alitimiza wajibu wake na nani hakutoa kifaa.

Tunashauri matawi yafanye mambo mawili. Kwanza, wajumbe wanapokaa na mwajiri, waombe filta, oili na muda wa kuhudumia pikipiki viandikwe wazi kuwa ni gharama ya kazi. Pili, kwa pikipiki za wanachama wenyewe, tawi linunue galoni moja ya oili ya gia, beseni na mafuta ya taa, na kuchagua Jumamosi moja kila wiki mbili. Wanachama 10 wakichanga, gharama kwa kila mmoja ni ndogo kuliko akinunua peke yake chupa kwa chupa, na yule asiyejua atafundishwa na mwenzake.

Kiangazi kinapokaribia, usingoje moshi wa buluu. Fungua kisanduku Jumamosi hii, uone ni filta ya aina gani uliyo nayo, na uandike tarehe.