Kabla ya Kutabiri Ligue 1, Tazama Nani Ameuzwa

Kila Agosti ligi ya Ufaransa inaporudi, mjadala huanza na swali lisilo na faida kubwa: bingwa atakuwa nani? Tangu Qatar Sports Investments iinunue Paris Saint-Germain mwaka 2011 hadi kumalizika kwa msimu wa 2024/25, PSG ilibeba ubingwa mara 11 katika misimu 14. Kumwandika PSG nafasi ya kwanza hakuhitaji utaalamu wowote. Kazi iko kuanzia nafasi ya pili hadi ya sita, na huko ndiko watu wengi hukosea, tena kwa kosa lilelile kila mwaka. Wanachukua msimamo wa msimu uliopita, wanazipandisha na kuzishusha timu mbili tatu, basi wanauita utabiri.

Kwa Ligue 1 njia hiyo haifai, kwa sababu klabu za Ufaransa, ukiiondoa PSG, huishi kwa kuuza wachezaji. Fedha za televisheni, ambazo kule Uingereza humwezesha hata anayenusurika kushuka daraja kulala usingizi, Ufaransa zimekuwa za mashaka. Mwaka 2020 kampuni ya Mediapro iliingia kwa ahadi ya zaidi ya euro milioni 800 kwa mwaka, na kabla mwaka huohuo haujaisha ikawa imeshindwa kulipa. DAZN ilikuja 2024 kwa takriban milioni 400, ikaondoka baada ya msimu mmoja. Agosti 2025 ligi ikaanzisha chaneli yake yenyewe, Ligue 1+. Juu ya hayo ipo DNCG, tume inayokagua hesabu za klabu na yenye mamlaka ya kumshusha daraja anayezidiwa na madeni. Juni 2025 iliamua Lyon, klabu iliyotwaa ubingwa mara saba mfululizo kuanzia 2002 hadi 2008, ishushwe Ligue 2. Lyon ilikata rufaa, ikashinda mwezi uliofuata, lakini kiangazi hichohicho mchezaji wake Rayan Cherki alikuwa ameshakwenda Manchester City. Mwenye klabu akiwa katika hali hiyo, mchezaji aliyeng'ara msimu uliopita ndiye wa kwanza kuwekwa sokoni.

Ndiyo maana timu iliyofanya vizuri kupita matarajio Ufaransa mara nyingi hubomolewa kwa sababu ya mafanikio yake. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Lens, na inafaa kuutazama kwa karibu.

Lens ni mji wa zamani wa migodi ya makaa ya mawe kaskazini mwa Ufaransa, na uwanja wake wa Bollaert-Delelis una viti vingi kuliko idadi ya wakazi wa mji. Klabu ilipanda daraja mwaka 2020. Msimu wa 2022/23, chini ya kocha Franck Haise, ilimaliza na pointi 84, moja tu nyuma ya PSG. Katika mechi 19 za nyumbani ilishinda 17. Msimu mzima iliruhusu mabao 29, ukuta bora kuliko wote kwenye ligi. Straika Loïs Openda alifunga 21, na nahodha Seko Fofana alikuwa injini ya katikati. Huo haukuwa ushindi wa bahati. Ungetazama tofauti ya mabao, ungeona timu iliyostahili kila pointi.

Kiangazi kilipofika, Openda akauzwa RB Leipzig na Fofana akaenda Al-Nassr ya Saudi Arabia. Akanunuliwa Elye Wahi kutoka Montpellier, kijana wa miaka 20 mwenye kipaji, lakini kiungo wa kumrithi Fofana hakupatikana kwa kiwango kilekile. Ligi ikaanza ugenini kwa Brest. Lens ikaongoza 2-0, ikapigwa 3-2. Baada ya mechi tano ilikuwa na pointi moja. Ikajikusanya, hata ikaifunga Arsenal 2-1 katika Ligi ya Mabingwa, lakini mwisho wa msimu ilikuwa ya saba.

Sasa mtazame huyo aliyewafunga siku ya kwanza. Brest ilikuwa imemaliza ya 14. Bajeti yake ilikuwa karibu euro milioni 50, wakati mapato ya PSG msimu ule yalipita milioni 800. Ilimuuza winga Franck Honorat, lakini uti wa mgongo wa kikosi haukuguswa: kipa Marco Bizot, beki Brendan Chardonnet na kiungo Pierre Lees-Melou wote walibaki, na kocha Eric Roy, aliyekuja Januari 2023, sasa alipata maandalizi kamili ya msimu. Haikuwa na mechi za Ulaya za kuchosha miguu. Ikamaliza ya tatu kwa pointi 61 na kufuzu Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza katika historia yake. Agosti 2023, msimamo wa msimu uliopita ulisema Lens na Brest zimetengwa na nafasi 12. Usajili ulikuwa ukisema jambo tofauti kabisa.

Lens hawakuwa wa kwanza. Montpellier, bingwa wa 2012, ilimuuza Olivier Giroud kwa Arsenal ikamaliza ya tisa. Lille, bingwa wa 2021 kwa kuipita PSG pointi moja, ilimpoteza kocha Christophe Galtier aliyekwenda Nice na kipa Mike Maignan aliyekwenda AC Milan. Ubingwa ule Lille iliupata kwa kuruhusu mabao 23 tu. Msimu uliofuata idadi hiyo ikazidi maradufu, nayo ikamaliza ya kumi. Brest yenyewe, baada ya ile nafasi ya tatu, ikamaliza ya tisa. Monaco ilichukua muda mrefu zaidi: baada ya ubingwa wa 2017 wenye mabao 107, iliwauza Bernardo Silva, Benjamin Mendy na Tiémoué Bakayoko, ikashika nafasi ya pili mwaka uliofuata, na msimu wa 2018/19 ikaponea chupuchupu kushuka daraja ikiwa ya 17.

Kwangu, si mauzo yote yana uzito sawa. Magazeti hulia zaidi straika anapoondoka, lakini mabao unaweza kuyagawa kwa watatu. Kipa na kiungo wa kati ndio pengo ambalo halizibiki kwa kiangazi kimoja, na kuondoka kwa kocha kunazidi yote, maana hata waliobaki huanza kujifunza upya. Timu ikipoteza wawili kati ya hao watatu, ishushe nafasi tano kwenye orodha yako bila kuionea huruma.

Jambo la pili ni ratiba. Tangu 2024/25 kila timu inayoingia Ligi ya Mabingwa ina mechi nane kabla ya Februari, na klabu yenye kikosi chembamba hulipa gharama hiyo Jumapili inayofuata. Kinyume chake, asiyecheza Ulaya ana wiki nzima ya mazoezi. Marseille ilimaliza ya nane 2023/24 na kukosa Ulaya kabisa. Mashabiki wake wa uwanja wa Vélodrome waliona aibu, lakini aliyekuwa akitafuta mshindi wa pili wa msimu uliofuata alipaswa kuchangamka: kocha mpya Roberto De Zerbi, Mason Greenwood mbele, Adrien Rabiot akiongezwa Septemba bila ada ya uhamisho, na wiki tupu hadi Mei. Marseille ikawa ya pili kwa pointi 65. Klabu kubwa iliyoanguka mwaka uliopita, yenye fedha za kusajili na isiyo na Ulaya, ndiyo ninayoipa uzito kuliko zote ninapopanga nafasi ya pili na ya tatu. Katika misimu ambayo Kombe la Mataifa ya Afrika linachezwa katikati ya ligi, ongeza hesabu ya wachezaji watakaoondoka mwezi mzima kwenda Senegal, Mali, Ivory Coast, Morocco au DR Congo. Ufaransa inawategemea mno hao kuliko ligi nyingine kubwa.

Takwimu za mabao tarajiwa, zinazopima kila shuti lilikuwa na nafasi gani ya kuwa bao, zina msaada mmoja mkubwa: kukuonyesha timu iliyofunga kuliko ilivyostahili. Kama huna muda wa kuzitafuta, tumia tofauti ya mabao badala ya pointi. Inakaribia ukweli kwa kiasi cha kutosha.

Kisha kuna suala la jinsi pengo lilivyo dogo. Tangu ligi ipunguzwe kutoka timu 20 hadi 18 mwaka 2023, kila timu hucheza mechi 34, na katika misimu miwili ya kwanza nafasi ya tatu ilipatikana kwa pointi 61 mara zote mbili. Msimu wa 2024/25, kutoka Monaco ya tatu mpaka Strasbourg ya saba zilikuwa pointi nne tu: 61, 60, 60, 57, 57. Watatu wa juu huingia Ligi ya Mabingwa moja kwa moja, wa nne hulazimika kupita mchujo mwezi Agosti. Nice ilikuwa ya nne na ikatolewa na Benfica. Tofauti ya pointi moja kati yake na Monaco ingeweza kuwa penalti moja ya dakika ya 90, na thamani yake ni makumi ya mamilioni ya euro. Kwa hiyo anayekuambia Lille itakuwa ya nne na Lyon ya tano anakuuzia uhakika asio nao. Sema kundi la timu tano lina nafasi tatu za kugombea, halafu ipe kila moja asilimia yake. Anayeweka mkeka anafaa kulijua hilo kabla hajaitumia Lyon kuukamilisha.

Na PSG? Tangu Wakatari waingie hadi mwisho wa 2024/25 walikuwa na misimu mitatu ya kushindwa, na mitatu yote ina alama moja inayofanana: kocha. Msimu wa 2011/12 walimfukuza Antoine Kombouaré mwezi Desemba wakiwa kileleni, wakamleta Carlo Ancelotti, Montpellier ikawapita. Mwaka 2016/17 Unai Emery alikuwa mgeni na Zlatan Ibrahimović alikuwa ameondoka. Mwaka 2020/21 walirudi kutoka fainali ya Ligi ya Mabingwa iliyochezwa Agosti, wakafungwa na Lens na Marseille katika mechi mbili za kwanza, na Desemba wakamwondoa Thomas Tuchel. Wapo makocha wapya waliotwaa ubingwa Paris, Laurent Blanc akiwa mmoja wao, hivyo dalili hii peke yake haitoshi. Lakini benchi likitulia, kama lilivyotulia chini ya Luis Enrique, hata kuondoka kwa Kylian Mbappé mwaka 2024 hakukuwatikisa: walitangaza ubingwa tarehe 5 Aprili 2025, mechi sita zikiwa zimebaki, na hawakupoteza mchezo wa ligi hadi Nice ilipowafunga 3-1 baadaye mwezi huo. PSG naipunguzia asilimia pale tu ninapoona kocha anayeyumba na mapumziko mafupi ya kiangazi kwa pamoja.

Linabaki suala la tarehe. Ligi huanza katikati ya Agosti wakati dirisha la usajili bado liko wazi, hivyo mechi mbili tatu za mwanzo huchezwa na watu watakaoondoka. Mbappé alianza msimu wa 2017/18 akiwa na jezi ya Monaco, na tarehe 31 Agosti akatangazwa kuwa mchezaji wa PSG. Aliyekuwa ameandika Monaco bingwa wiki mbili kabla alikuwa ametabiri timu ambayo haipo tena. Orodha yangu huikamilisha dirisha likifungwa, na matokeo ya Agosti nayahesabu nusu.